Nafasi ya kidole kimoja: nilivyojifunza kufunga klachi ya pikipiki nyumbani

Jumamosi iliyopita nilipanda Kibosho, juu ya Moshi, na viroba viwili vya pumba nyuma ya kiti. Pale barabara inapoanza kukaza nikashuka gia ya pili, nikaongeza resi kidogo, na pikipiki ikavuta moja kwa moja. Haikulia bure hata mara moja. Nilipofika juu nikaegesha, nikanusa kava ya injini upande wa kulia. Hakuna harufu ya kuungua. Nilisimama pale kama dakika tano nikiitazama tu, nikamshukuru Mungu.

Jioni ya siku hiyohiyo nikakuta ujumbe wa msomaji kutoka Ngaramtoni. Nauandika kama ulivyokuja: "Kaka, pikipiki yangu inalia tu haiendi. Fundi kasema ninunue klachi nzima, elfu themanini, bado ufundi. Wewe uliwahi kusema unafunga mwenyewe nyumbani. Je, na mimi naweza?"

Unaweza, ndugu yangu. Lakini sitakujibu kwa mistari miwili. Kufunga klachi ni kazi ya asubuhi moja. Kuirekebisha ikae sawa ilinigharimu mwezi mzima, ikala pesa zangu za Desemba, na ilibaki kidogo nimpoteze mdogo wangu. Kwa hiyo kaa nikusimulie.

Najua wengi mnaosoma hapa mna hesabu kama yangu. Pikipiki moja izae ya pili, ya pili izae ya tatu, baadaye bajaji, kisha kiwanja kule Njia Panda kabla bei haijapanda tena. Hesabu hiyo ni nzuri na haina aibu. Inaharibiwa na vitu vidogo vinavyokula hela ya siku kimyakimya, na kwa sisi tunaoishi chini ya mlima Kilimanjaro, klachi ndiyo ya kwanza. Kutoka Moshi mjini hadi geti la Machame, lile la kupandia mlima, unapanda karibu mita elfu moja kwenda juu. Pikipiki ya injini ndogo, abiria wawili, kiroba cha mbolea, na mvua imenyesha. Kila unapoondoka kwenye mwinuko mkali, ni zile pleti za klachi, visahani vinavyounganisha injini na gia, zinazobeba uzito wote kwa kusuguana.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini yake ni ya mtindo wa Honda CG125. Honda walianza kuiuza CG125 mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na matunzo haba, na Wachina wakainakili kwa wingi. Ndiyo maana spea zake zipo kila kona, na ndiyo maana nasema mtu wa kawaida mwenye utulivu anaweza kuifungua. Iliundwa ifunguliwe na watu kama sisi.

Sababu iliyonifanya nianze kujifungia mwenyewe bado inaniuma. Machi mwaka jana klachi ilianza kuteleza, yaani injini inalia lakini pikipiki haivuti. Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini, sitamtaja. Nikampa hela ya seti mpya ya pleti na hela ya ufundi, nikamwachia pikipiki asubuhi, nikaichukua saa kumi jioni. Ilivuta vizuri kwa muda. Novemba ikaanza tena. Safari hii nilitaka nione kwa macho yangu, nikaifungua mwenyewe uani kwangu Pasua. Zile pleti hazikuwa mpya. Zilikuwa pleti zangu za zamani, zimepigwa msasa ule wa kukwangulia mbao, mistari ya msasa inaonekana kabisa. Nilikaa chini nikazishika mkononi. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba nilimshukuru mtu yule, na nikamwongezea elfu mbili ya soda.

Siku hiyo nikaapa. Hakuna mkono mwingine utakaoingia kwenye klachi yangu.

Nikanunua seti ya pleti elfu kumi na nane, springi, gasketi ya kava, na waya mpya wa klachi, ule unaotoka kwenye mkono wa klachi pale usukani hadi kwenye injini, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeanza kukatika nyuzi. Jumla haikufika elfu thelathini na tano. Mkumbuke huo waya, nitaurudia.

Kumwaga oili, kutoa kiki, kutoa pedeli ya breki, kufungua boliti za kava, hayo sitayaeleza sana. Mtu aliyewahi kushika spana namba nane anajua. Nitasema mawili tu. Boliti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, uchomeke kila boliti mahali pake kadiri unavyoitoa. Na gasketi ya zamani ikigoma, ikwangue kwa kijiti kigumu au plastiki, usitumie kisu. Kava ni aluminiamu. Mkwaruzo mmoja tu utavuja oili mpaka siku utakapoiuza pikipiki.

Kava ikitoka utaona klachi yenyewe, duara kubwa. Kwenye yangu mbele kuna boliti nne zenye springi ndani yake. Nyingine zina tano au sita. Zilegeze kidogokidogo kwa kukatisha msalaba, hii kisha ile inayoikabili, ili ile pleti ya mbele isipinde. Springi zikitoka, utakutana na nati ya katikati.

Hapa nisikilize vizuri. Nati hii ni ya duara, haina pembe sita za spana ya kawaida, ina mapengo manne pembeni. Ina spana yake maalumu, bomba lenye meno manne. Mafundi wengi hawana. Wanachukua tindo na nyundo, wanagonga pengo mpaka nati izunguke. Nati inaliwa, vipande vya chuma vinadondokea ndani ya oili, na baadaye unashangaa injini inasaga. Mimi nilitembea siku mbili kuanzia soko la Mbuyuni nikiitafuta spana hiyo, nikaipata kwa muuza vyuma chakavu, elfu saba. Ni elfu saba niliyoitumia vizuri kuliko nyingi maishani mwangu. Ukishaivalisha kwenye nati, weka gia ya juu kabisa, rudishia pedeli ya breki kwa muda, mtu akukanyagie breki ya nyuma, nati italegea bila kelele.

Nyuma ya nati kuna washa iliyobonyea kidogo kama sahani, ina maandishi ya Kiingereza yanayoonyesha upande wa nje. Maandishi hayo yakuangalie wewe wakati wa kurudisha. Piga picha kwa simu kila hatua. Sipigi picha kwa sababu sijui, napiga kwa sababu saa sita mchana jua likiwa kali kichwa kinasahau.

Pleti zangu zilikuwa tano za msuguano, zile zenye vipande vya kahawia, na nne za chuma katikati yake. Unaanza na ya msuguano, unamaliza na ya msuguano. Mpya ina unene wa karibu milimita 3. Ikishuka hadi 2.6 imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Za chuma usizirudishe kwa mazoea. Ziweke moja moja juu ya kioo: ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, imepinda kwa joto. Na ikiwa na rangi ya bluu, hiyo imeungua, iache.

Usiku uliotangulia nilizilaza pleti mpya kwenye oili. Klachi hizi hufanya kazi ndani ya oili, na pleti kavu inaweza kuungua dakika ya kwanza kabla oili haijaifikia. Hilo nililijua, nikalifanya. Springi nikazikaza kwa msalaba, kidogokidogo. Kava ikarudi, oili mpya ikaingia, waya mpya nikaupitisha, nikaukaza mpaka mkono wa klachi ukawa mgumu na mtamu kuushika. Nikawasha, nikaweka gia, nikazunguka Pasua yote hadi kwenye lami. Ilivuta kama siku niliyoinunua.

Nilifurahi sana. Niliwapigia simu watu watatu. Mama alipika machalari jioni ile, na nilikula nikiwa na oili kwenye kucha, sikutaka kuitoa haraka.

Hiyo ilikuwa tarehe 8 Desemba.

Kwa asiyejua kwetu, Desemba ndiyo mavuno ya bodaboda. Wachagga wote wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, kila mahali, wanapanda mlimani kwenye vihamba vyao, yale mashamba ya ukoo. Kila mmoja ana mizigo, kila mmoja ana shangazi wa kumsalimia kijiji cha juu zaidi. Bodaboda anayelala saa tatu usiku mwezi huo hana akili ya biashara. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, mimi nikiwa na kazi ya mchana mjini. Tulipanga: mpaka Januari tuwe na nusu ya hela ya pikipiki ya pili, na hiyo ya pili iwe yake.

Tarehe 20 akaniambia, "Kaka, hii klachi inaanza kuteleza kwenye kona."

Nikamwambia, "Klachi mpya haitelezi. Wewe unapanda na nusu klachi, mkono umeukamata nusunusu."

Tarehe 23 alikuwa amembeba mama mmoja na mabegi mawili kuelekea Uru. Kona ya tatu, injini ikalia, pikipiki ikasimama. Moshi ukatoka, harufu ile mnaijua, kama ngozi iliyoungua. Yule mama ilibidi ashuke atembee na mizigo yake, na dogo akamrudishia nauli yote. Akaisukuma pikipiki kuteremka hadi nyumbani.

Mkesha wa Krismasi, mbele ya mama, mbele ya wajomba na watoto wao waliotoka mjini, nilimsema. Nilimwambia ameniunguzia klachi kwa vidole vyake, kwamba anashikilia pikipiki mlimani kwa klachi badala ya breki, kwamba mimi nahangaika na yeye anaharibu. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Hakujibu. Alisimama, akaweka funguo mezani karibu na sahani ya nyama, akatoka nje. Tarehe 27 akapanda basi kwenda Arusha, akaanza kuendesha pikipiki ya mtu kule Sakina.

Mama hakuniambia neno. Aliacha tu kuniuliza kama nimekula. Ilichukua karibu wiki tatu.

Pikipiki ikakaa uani imefunikwa turubai. Nilikuwa na hasira na duka la spea, na dogo, na barabara ya Uru. Katikati ya Januari mzee jirani yangu, fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya magari, akapita akanikuta nimechutama nimeshika spana, naanza kufungua boliti za kava.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Mbona unafungua?"

"Klachi imeungua. Mpya kabisa, siku kumi na tano tu."

"Umeshaiuliza?"

Sikumwelewa. Akaweka fimbo yake ukutani, akaja kushika mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Kimoja tu, cha shahada. Akausukuma taratibu.

"Nafasi iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimeukaza vizuri, hauchezi.

"Nimeona hauchezi. Nakuuliza nafasi iko wapi."

Kisha akashika usukani, akaupeleka kushoto mpaka mwisho. Akaurudisha, akaupeleka kulia mpaka mwisho. Akanionyesha kwa kidevu kule chini, kwenye kale kamkono kadogo juu ya kava ambako waya unaishia. Usukani ulipokwenda kulia, kale kamkono kakasogea kenyewe. Hakuna aliyegusa klachi. Pikipiki ilikuwa inajikamatia klachi yenyewe.

Nikaangalia njia ya waya. Wakati wa kufunga, sikuupitisha ndani ya kile kikamatio cha shingo ya usukani ambamo ule wa zamani ulipita. Niliuona mgumu kuingia, nikaupitisha nje, nikaufunga kwa kamba ya plastiki. Kwenye barabara iliyonyooka haukuonyesha tatizo. Ukikata kona, unavutika. Na kwa kuwa nilikuwa nimeukaza bila kuacha nafasi hata kidogo, mvuto mdogo tu ulitosha kuanza kutenganisha pleti. Pleti zikibanwa nusu zinateleza, zikiteleza zinapata joto, zikipata joto zinaungua.

"Inaanza kuteleza kwenye kona." Ndivyo alivyoniambia dogo. Kwenye kona. Alinipa jawabu zima mdomoni, tarehe 20, na pesa za Desemba zilikuwa bado zinaokoka.

Mzee alichukua fimbo yake akaondoka. Mimi nilikaa uani mpaka giza likaingia.

Nimeandika yote haya kwa urefu kwa sababu ukitafuta ushauri wa klachi utaambiwa nunua pleti nzuri, weka oili nzuri, epuka nusu klachi. Yote ni kweli. Lakini ukiwa na pleti bora kuliko zote duniani na huna nafasi kwenye mkono, utazizika ndani ya wiki mbili kama nilivyozizika mimi. Na watu wengi hukaza mkono kwa sababu wanapenda uwe mgumu. Wanadhani ugumu ndiyo uzima. Hapana, jamani. Mkono wa klachi lazima uwe na sehemu ya mwanzo isiyofanya kitu, na hiyo sehemu isiyofanya kitu ndiyo inayolinda kila kitu.

Kipimo ni hiki. Injini ikiwa ya baridi, shika ncha ya mkono wa klachi kule mwisho kabisa, isukume kwa kidole mpaka uhisi ukinzani unaanza. Ncha iwe imetembea kati ya milimita 10 na 20. Upana wa kidole chako unakaa humo katikati, ndiyo maana natumia kidole. Kama umbali ni mdogo kuliko hapo, klachi itateleza. Ukizidi, klachi haitaachia vizuri: utaweka gia ya kwanza pikipiki iruke mbele ilhali umeshika, au nyutro utaitafuta mpaka uchoke.

Kurekebisha kuna sehemu mbili. Juu, pale kwenye mkono, kuna nati ndogo ya kuzungusha kwa vidole. Chini, karibu na kava, kuna nati mbili za spana. Anza kwa kuirudisha ile ya juu ndani karibu yote. Kisha nenda chini ufanye kazi kubwa hadi ukaribie kipimo. Halafu rudi juu umalizie kwa vidole. Wengi wanafanya kinyume, wanamaliza nyuzi zote za juu, na siku waya ukinyooka barabarani hawana pa kurekebishia, ilhali ile ya juu imewekwa kwa ajili ya barabarani.

Ukishapata kipimo, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, pima tena. Kulia mpaka mwisho, pima tena. Kidole kipate nafasi ileile mara tatu. Kama inabadilika, usiguse nati. Tafuta waya umepita wapi.

Ukimaliza hapo ndipo uwashe. Tembea siku ya kwanza kwa upole, epuka mlima, jioni pima tena kwa sababu pleti mpya na waya mpya hukaa sawa zikishafanya kazi kidogo. Mimi hupima kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada, haichukui dakika moja.

Kwa kufunga mara ya pili nilinunua tena kila kitu, pamoja na pleti za chuma, maana zangu zilikuwa za bluu zote nne. Na kwa kuwa nilikuwa ndani tayari, nilifungua kile kichujio cha oili kilicho kwenye ncha ya kirenki, ule mhimili mkuu wa injini, kimefunikwa kisahani cha skurubu tatu, upande huohuo wa klachi. Injini hizi hazina kichujio cha karatasi. Kile kikombe huzunguka kwa kasi na kutupa uchafu pembeni. Nilikuta tope jeusi limeganda kama masizi ya sufuria, unga wa pleti zilizoungua. Kama ningeweka oili mpya juu ya tope lile, lingerudi kwenye injini. Kwa hiyo ndugu yangu wa Ngaramtoni, kama klachi yako imeungua kweli, safisha hapo, na oili ya zamani usiirudishe hata kama uliiweka juzi.

Halafu oili yenyewe. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Ni kipimo cha Wajapani kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini. Oili nyingi za magari ya siku hizi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Kwa gari ni sawa, klachi ya gari iko pembeni, kavu. Kwako wewe dawa hiyo inaingia katikati ya pleti zinazotegemea msuguano ili zikamate. Usikubali kupimiwa oili kwenye chupa ya maji kwa sababu ni nafuu kwa elfu mbili.

Sasa niseme na vijana wenzangu, na nitasema bila kuzunguka. Tunapenda sana kumlaumu dereva. Ukimpa mtu pikipiki kwa hesabu ya siku, kila kinachoharibika ni yeye. Tairi ni yeye, cheni ni yeye, klachi ni yeye. Mmiliki hakosei. Lakini anayekalia kiti kutwa nzima anasikia vitu ambavyo wewe uliye mjini huvisikii. Akikwambia "kwenye kona", uliza kona ya upande gani. Akikwambia "ikishapata joto", uliza baada ya muda gani. Maneno hayo ni vipimo, ni bora kuliko spana nyingi. Kama unataka kuwa na pikipiki tatu kisha tano, utakuwa na madereva watano, na kama huwezi kumsikiliza mmoja ambaye mmenyonya ziwa moja, hao wengine utawasikiliza vipi?

Na tena, mjifunze kazi hii. Sisemi mafundi wote ni wezi. Wapo waaminifu, na mimi bado napeleka injini kwa fundi ikihitaji kupasuliwa yote. Nasema mtu asiyejua pleti mpya inafanana vipi hawezi kumjua fundi mwaminifu hata akimwona. Fungua mara moja, hata kama hutafungua tena. Simama pembeni ya fundi, omba kuziona pleti za zamani, zichukue uende nazo nyumbani. Ni mali yako, umezilipia.

Msomaji wangu, kabla hujatoa hizo elfu themanini, fanya hivi kesho asubuhi pikipiki ikiwa baridi: weka kidole, geuza usukani. Ukikuta hakuna nafasi, rekebisha kwanza, badilisha oili, panda mlima, uone. Huenda pleti bado ni nzima. Kama bado inateleza, nunua pleti na springi tu. Klachi nzima inanunuliwa pale ile nyumba ya nje, bakuli linalobeba pleti, imechimbika: pitisha kidole kwenye mianya ambamo masikio ya pleti hukaa, ukikuta vishimo virefu vinavyokwaza ukucha, hapo ni kweli fundi wako amesema haki. Vishimo vidogo vinaondoka kwa tupa, taratibu, na unga wake uufute wote.

Dogo nilimpigia Februari. Sikujua nianze vipi, nikaanza na waya. Nilimweleza habari ya shingo ya usukani, nikamwambia, "Ulinieleza na sikukusikia. Nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu." Alinyamaza muda mrefu, nasikia honi za magari huko nyuma. Kisha akauliza, "Kulia au kushoto?" Nikamwambia kulia. Akasema, "Ndiyo. Zile kona za kulia." Pasaka alikuja nyumbani, na nikasema yaleyale tena, mbele ya mama na mbele ya wajomba waliokuwepo.

Bado yuko Sakina. Sasa ana pikipiki yake mwenyewe, kaikopa, analipa kila wiki. Juzi kanitumia ujumbe kwamba imeanza kuteleza, amepima nafasi ipo, amegeuza usukani haibadiliki, oili ni ile ya pikipiki. Basi hizo ni pleti zenyewe zimekwisha, na mbele yake kuna ile nati ya mapengo manne.

Kwa hiyo aliye Moshi na hana ile spana ya meno manne, aje Pasua aazime ya kwangu, siikodishi. Ila airudishe kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi naenda nayo Sakina.